Nilikuwa Wapi?

Sauti kumi na saba ndani ya simu yangu, zote za Bi Mwanaiki,
mwosha maiti wa Kuze, magoti yamemgomea.
"Wewe umesoma. Nipangie,
wasichana watakaonirithi wasije wakabahatisha."

Ya kwanza: kikohozi, kisha,
"Maji yawe vuguvugu, kama ya mtoto. Umeandika?"
Nimeandika. Moja: Maji.

Ya nne yarukaruka:
karafuu maiti, bei ya bafta kule Biashara,
mkwe fulani aliyekuja kudai deni matangani,
halafu binti wa Kaloleni aliyeletwa amekunja ngumi.
Mbili: Vifaa. Tatu: Sanda.
Mkwe nimemfuta.
Binti namhamisha kutwa, hana pa kukaa.

Ya tisa, feni yazimika ghafla.
"Haya, stima hizo. Nilikuwa wapi?"
Anangoja. Nasikia anavyongoja,
sekunde kumi na moja,
nami sikuwapo kumjibu.
Hilo halina namba.

Usiku wa tatu karatasi imenyooka kama kitanda cha hospitali,
nadhani nimemaliza,
ndipo nasikiliza ya kumi na saba:
"Yule mtoto, vidole havikufunguka kwa nguvu.
Nilivimiminia kidogo kidogo, nikimwita jina,
vikalegea kimoja kimoja.
Ndiyo maana nikakwambia vuguvugu."

Nafuta namba zote.
Moja: Ngumi.
Chini yake, ndani kidogo, Maji.