Kijani Chini ya Ukucha

Hakushikwa na walinzi. Alishikwa na ukucha.
Jumatatu, saa mbili kasorobo, Zablon Nyakundi
alinyosha mkono kutia sahihi daftari la zamu
nikaona, chini ya ukucha wa kidole gumba,
kijani ambacho tangu Pasaka hatujakitengeneza.

Wiki hiyo tulikuwa kwenye krimu na kahawia,
mapipa ya shule za bweni.
Kijani kilikuwa ng'ambo ya Barabara ya Lunga Lunga,
nyuma ya geti la bluu, kwa washindani wetu
tunaowaita "majirani" tukiwa na adabu.

Bwana Hasmukh alitaka barua kabla ya chai.
"Kalekye, andika. Njia mbili zilimshinda fisi."
Nikamwambia, fisi hana mkataba, Bwana,
wala hana haki ya kusikizwa na mwenzake akiwa kando.
Sheria inataka kikao.
Tukakaa.

Zablon alikuja na Tirop wa bohari,
kofia mapajani, ameoga kama mtu wa harusi.
"Mchana niliwauzia," akasema. "Usiku sikuwauzia.
Saa kumi na moja nikivua ovaroli, nani ananilipa?
Mikono hii nilikuja nayo kutoka Nyamira."

Hapo kalamu yangu ilisimama.
Maana na mimi, Jumapili, kule Umoja, kwa kompyuta ya kukodi,
huwaandikia watu barua za kuomba kazi,
mia mbili kila moja,
na sijawahi kumwomba Hasmukh ruhusa.
Zablon angefuga kuku, nani angeuliza?
Angeosha magari, angepiga kinanda kanisani;
hata angewapakilia majirani mikebe kwenye lori
ningempa onyo, labda, na nasaha kuhusu usingizi.

Nikauliza swali moja tu.
"Kile kijani, ulikichanganyaje?"
Feni ikazunguka. Tirop akatazama dirisha.
"Matone matatu ya nyeusi," akasema polepole,
"kabla ya manjano. Si baada."

Kabla, si baada.
Hilo halikutoka Nyamira.
Lilitoka chumba chetu cha nyuma, mwaka wa mafuriko,
mapipa arobaini yakihesabiwa hasara,
mzee Ramanlal akikohoa juu ya mizani
usiku kwa usiku, mpaka rangi ikakubali.
Zablon alikuwa kando yake, mgeni wa mwezi mmoja,
ameshika tochi.

Basi si usiku uliomfukuza.
Si geti la bluu, wala elfu mbili kwa zamu.
Ni matone matatu.
Niliandika hivyo, kwa maneno marefu zaidi:
kifungu cha tisa, siri za kazi, uaminifu.
Nikahesabu siku alizofanya, likizo aliyotudai,
cheti cha utumishi, maana hata mkosaji ana haki yake.
Miaka kumi na mmoja ikaingia bahasha ya kaki
na nafasi ikabaki.

Mlangoni aligeuka.
"Ovaroli nimerudisha. Kitambulisho nimerudisha.
Haya matone, Kalekye, nayarudisha wapi?"

Sikuwa na fomu.

Jioni nikipita duka la dawa karibu na kwangu
nilikuta ukuta umepakwa upya, haujaonja mvua.
Nikausogelea kama mtu anayenusa maziwa,
nikaweka kidole.
Kijani. Bado kibichi.
Chetu au chao, sikuweza kujua,
mimi niliyekuwa na hakika saa nne asubuhi.

Nilisugua kwa mafuta ya taa, nikasugua kwa mchanga.
Kesho yake, kwenye daftari la zamu,
nilitia sahihi kwa mkono wa kushoto.