Unga Haungoji Mwezi

Mchele niliuloweka tangu jana usiku, kilo mbili na nusu,
kwa kuwa Bi Somoe wa nyumba ya pili aliapa
kwamba mwezi wa safari hii hauna pa kujificha.
Mchana nikausaga. Nikatia tui, iliki, sukari, hamira,
nikaifunika ndoo kwa kanga iliyochanika pindo
na kuisukuma nyuma ya mlango, karibu na joto la jiko.

Sasa saa mbili usiku. Mtanda nzima iko nje,
shingo juu, kama kuku wanaokunywa maji.
Wingu limeikalia Lindi kama mgeni asiyejua kuaga.
Siwema wangu kapanda ngazi ya mpaka rangi.
"Nimeuona!" Tukashangilia. Kumbe taa
ya mnara wa simu.

Chini ya meza, jogoo kafungwa mguu.
Korosho za mchuzi wake ziko kinuni, zile vipandevipande
nilizouziwa rahisi kwa kuwa hazina sura,
kana kwamba mchuzi una macho.
Nyama ya ng'ombe tuliipigia hesabu;
hesabu ikatupiga sisi.
Katika mtaa huu wote, jogoo peke yake
anaombea mawingu.

Redio ya Mzee Nandonde inakohoa: tunasubiri taarifa.
Taarifa haina hamira.
Ndoo yangu inayo.
Nikifunua kanga, unga umeumuka hadi shingoni,
unapumua, unapasua vipovu kimoja kimoja
kama mtu anayetaka kusema neno na kulimeza.
Naukoroga, unashuka.
Nageuka kuchochea moto, umerudi.

Mama yuko kwenye godoro. Upande wa kulia haumsikii tena
tangu Mfungo Sita.
Mwaka jana mikono yake ndiyo iliyopima:
tui zito kama maziwa ya aliyejifungua jana,
sukari mpaka roho iseme basi,
chumvi punje chache, za kumtia sukari adabu.
Kikombe hakujua, mizani hakujua. Ukimuuliza iliki ngapi
alifumba macho, akanusa.
Leo kaomba ndoo isogezwe sikioni.
Akasikiliza.
"Huyu," akasema kwa nusu ya mdomo,
"hafiki asubuhi."

Saa tatu na dakika ishirini. Mwezi haukuandama.
Kesho tunatimiza thelathini.
Watoto waliokwisha kuvaa viatu vipya wakavivua,
wakavirudisha kwenye boksi wamenuna.
Jogoo akajikung'uta.

Basi nikateleka chuma.
Saba kwa mkupuo, mafuta kijiko kwa kila tundu,
ukingo ukishika rangi nachomeka kijiti, nageuza.
Viwili vya kwanza viliungua; hivyo nilivila mwenyewe,
mpishi hana shahidi.
Nikakaanga usiku kucha kwa ajili ya mwezi ambao haukuja,
na saa kumi alfajiri Siwema akatoka na sahani,
nyumba saba, kama kila mwaka, ila gizani,
anagonga na kusema alivyofundishwa na bibi yake:
"Daku hiyo. Idi imetangulia, mwezi utafuata."

Mama Benadeta, ambaye hafungi, naye aligongewa.
Alifungua kwa matusi, akanusa, akayameza matusi.
Sahani ikarudi na ming'oko ya kuchemsha, bado ya moto,
maana kwetu sahani hairudi tupu
hata kama mwenyewe ana usingizi.

Mama akala kimoja. Akakitafuna kwa upande wake mzima,
polepole, macho kwenye dari.
Nilisimama na kile kijiti mkononi kama mtoto wa shule.
"Iliki imezidi," akasema,
akanyoosha mkono wa kushoto kutaka kingine.

Mchele umebaki kilo moja.
Nimeuloweka.