Tatu, Sita, Tisa

Kerubo aliileta imefungwa kwa leso ya zambarau,
kompyuta ile, kama mtoto anayepelekwa kliniki,
akapanda nayo ngazi zote za jengo letu la Ngara
maana lifti ni mbovu tangu uchaguzi ule.
"Fundi Mutinda," akasema kabla ya salamu,
"hii kitu inanidanganya saa."

Si saa tu. Kila ikizimwa
huamkia tarehe mosi Januari, 2003, usiku wa manane,
haina habari ya lolote lililofuata.
Yeye ni mweka hazina wa chama cha kuzikana.
Risiti za mwezi jana zasema Nyanchama alilipa ada
miaka minne kabla hajazaliwa,
na hakuna anayetozwa faini ya kuchelewa
kwa kuwa, kwa hesabu ya mashine,
wote wamewahi, wamewahi mno.
Benki nayo imemfungia mlango wa mtandaoni:
cheti changu, yasema, bado hakijaanza kutumika.

Nikauliza yale tunayouliza.
Ilianza lini? Stima hupotea mara ngapi?
Nani mwingine huigusa?
"Mwanangu Omwenga, akija likizo.
Na stima, si waijua stima."

Nikafungua parafujo nne; ya tano haikuwapo.
Ndani, vumbi la Umoja, ganda la njugu,
mende mmoja aliyekauka akiwa safarini,
na pale pembeni, chini ya kibano chake,
betri bapa, ukubwa wa sarafu.
Kipimo kikasoma volti moja nukta nane.
Hii ndiyo hukesha, nikamweleza,
umeme ukilala. Kazi yake ni kuhesabu gizani
na hakuna anayeishukuru.
Ikichoka, mashine haifi. Husahau,
na kwa kuwa sharti iseme kitu,
husema kile ilichofundishwa kiwandani.

"Kama mama mkwe wangu," akasema.
Nikanyamaza, kwa adabu.
Akaitazama skrini tena.
"2003. Nilikuwa na meno yote.
Chumba na sebule, kodi elfu tatu."
Akacheka peke yake, kidogo, akaacha.

Betri mpya, shilingi mia na hamsini.
Nikaweka tarehe, nikaizima, nikachomoa waya,
tukahesabu hadi sitini, yeye kwa Kigusii, mimi kimoyomoyo.
Ikaamka ikiujua mwaka.
Kerubo akapiga makofi mawili.

Kisha nikaiunganisha na mtandao, nayo, mbele ya macho yetu,
ikaruka nyuma masaa matatu.
"Wezi!" akasema.

Sikuilaumu betri. Nikafuata njia ya mipangilio,
ukurasa hadi ukurasa, mpaka palipoandikwa makao:
Omwenga, kwa ajili ya mchezo fulani na marafiki wasioonekana,
alikuwa ameiambia mashine kwamba inaishi Reykjavik.
Miezi yote ile juu ya meza ya plastiki,
karibu na jiko la gesi,
ikidhani kwamba nje kuna theluji.

Nikaichagulia Nairobi.
Kengele ya shule ya jirani ikalia.
"Saa tatu," akasema Kerubo, bila kutazama popote.
Tatu mdomoni mwake.
Sita, dakika moja iliyopita, pale juu ya kioo.
Tisa sasa, imetulia.
Jua lile lile dirishani, juu ya waya za stima,
na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyokosea;
ni suala la wapi umesimama unapoanza kuhesabu.
Sikulisema hilo. Hakuja kulipia falsafa.

Alilipa kwa simu, akaifunga leso mafundo mawili.
Mlangoni akageuka, akaiona saa yangu ya ukutani,
ambayo ni kumi na dakika ishirini tangu Aprili.
"Mganga..." akaanza,
akashuka ngazi na nusu nyingine ya methali.