Pointi za Mtumba

Walipiga simu wakasema tumeshinda chakula cha mchana.
Hatukuwa tumecheza chochote.
Mutiso akavaa koti la harusi ya kaka yake,
tukapanda lifti hadi ghorofa ya tisa, Upper Hill,
ambako kijana Lemayian alituvutia viti
kana kwamba tumekuja kuposa.

Hamnunui nyumba, akasema, mnanunua pointi.
Elfu mbili kila mwaka, hadi kwa wajukuu:
wiki moja Naivasha, viboko wakila nyasi chini ya dirisha.
Kila pointi shilingi mia tisa na ishirini.
Nikaandika nyuma ya bili ya stima:
milioni moja, laki nane na elfu arobaini.
Kalamu ikasita kwenye sufuri kama punda kwenye daraja.
"Bei hii ni ya leo. Mkitoka mlango ule, imekufa."
Mutiso akautazama mlango kwa huruma.

Mimi nimevikwa na Gikomba tangu shule ya msingi.
Najua shati la dukani na shati la robota
yametoka cherehani moja;
tofauti ni nani aliyelitia jasho kwanza.
Nikauliza: za mtumba hazipo?
Lemayian akaniongezea juisi.

Zipo. Donholm, nyumba ya tatu baada ya kanisa,
kwa Mwalimu Kerubo, mstaafu wa hesabu.
Pointi elfu mbili, klabu ileile, viboko walewale,
shilingi mia moja hamsini na tano kila moja.
Laki tatu na elfu kumi!
Moyo ukaruka: kamera hii,
ile ya alfajiri, kabla robota halijachambuliwa.

Lakini mtumba hauvaliwi kabla ya kugeuzwa nje-ndani.
Nikageuza.
Kwapani: pointi za mkono wa pili hazivuki mpaka,
Zanzibar ni ya waliolipa bei kamili.
Kwenye pindo: kuhamisha jina, elfu thelathini na tano.
Na kwenye kola, doa lisilotoka kwa sabuni yoyote:
ada ya matunzo, sabini na nne kwa kila pointi,
kila Januari, bega kwa bega na karo,
uwe umelala Naivasha au umelala kwako.
Laki moja na elfu arobaini na nane.
Doa hilo, nikakumbuka, lilikuwa pia kwenye shati la dukani.
Lemayian alikuwa amelikunjia ndani.

Miaka kumi, basi, tukijifanya ada haipandi:
la dukani, milioni tatu, laki tatu na elfu ishirini.
La mtumba, milioni moja, laki nane na elfu ishirini na tano,
yaani karibu bei ileile iliyosimamisha kalamu yangu
siku ya juisi.

Mwalimu akaivuta karatasi, akaipitia kwa kidole,
akatoa kalamu nyekundu kwenye nywele,
akatia alama ya vema.
"Marehemu alizinunua kwa mkopo wa chama," akasema.
"Tulienda mara mbili. Mara ya pili kulinyesha."

Nikashukuru kwa chai, nikasimama.
Gikomba mnunuzi huondoka ili bei ishuke.
Mimi sikuwa na ujanja huo, niliondoka tu.
Mlangoni akasema, laki mbili.
Penye kamba ya nguo, elfu themanini.
Getini, komeo mkononi: "Lipia uhamisho peke yake."
Nilikuwa nimeshafika barabarani
sauti yake iliponifuata, ile ya darasani,
inayofika hadi dawati la mwisho:
"Basi na uhamisho nitalipa mimi!"

Nikaongeza mwendo,
bili ya stima mkononi, na vema yake nyekundu,
mwisho wa kulipa kesho.