Boi wa Pili

Taa zimezimwa. Ukumbi mdogo wa Upanga,
viti arobaini, feni moja inayonung'unika.
Filamu haina haraka: dakika nzima
pazia linapepea, hakuna anayesema.
Jirani yangu, mgeni mwenye shali,
tayari anatafuta leso.

Klara amerudi Dar es Salaam kumtafuta
afisa wake aliyetoweka mwaka wa vita.
Anapapasa nguzo za baraza, anapapasa kitasa,
anasema (maandishi yanakimbia chini):
"Hapa tulikuwa na furaha."
Tulikuwa. Akina nani? nauliza kimoyomoyo,
maana yule pale nyuma ni mimi, kanzu nyeupe, sinia,
barafu ya plastiki kwenye glasi.
Karatasi ya malipo iliniandika Boi wa Pili.
Elfu ishirini kwa siku, na wali kuku.

Nyumba ya Kivukoni ilikuwa imechakaa yenyewe;
wakaleta fundi aipake uchakavu mzuri zaidi.
Mvua anayolia nayo Klara
ni ya gari la zimamoto.

Mtanisamehe. Sikuja kwa ajili ya Klara.
Hii ni mara ya tatu nalipa kiingilio.
Ngoja: anachana bahasha, anageuka, kamera inamfuata,
na dirishani, mbali, katika ukungu wa picha,
mwanamke anapuliza pasi ya mkaa.
Hakuambiwa aigize. Alikuwa anapiga pasi kweli,
kanzu yangu ya kesho yake.
Sikudhani binti Mwinshehe, wa Keko Machungwa,
aliyeniuliza, "Wewe, ukivua hizo nguo unaitwa nani?"
Nikacheka. Nikachelewa kujibu
miezi minane, hadi akaolewa Lindi.

Sekunde nne. Nimezihesabu.
Anainua uso, majivu yanaruka,
kisha Klara anakatiza
na bega lake lenye huzuni linamfunika.

Watu wanafuta machozi. Nami.
Mgeni ananigusa mkono: "Zamani kulikuwa kuzuri, eti?"
Nataka kumwambia habari za kiboko na kodi ya kichwa,
na babu yangu, aliyeitwa boi mpaka akaota mvi.
Mdomo unagoma.
Kwani na mimi nimekaa hapa naomba
wairudishe nyuma, nyumba ile, kanzu ile,
hata sinia nitalibeba,
ilimradi dirisha liwe wazi.

Majina yanapanda. Langu halimo. Lake halimo.

Nje umeme umekatika mtaa mzima.
Nasimama gizani, nalitaja jina langu kwa sauti
kama mtu aliyeulizwa sasa hivi.