Nimekoma

Jina la mbwa ni Nimekoma.
Pandu alimpa siku alipomnunua Muyuni, nusu kwa deni,
akaapa hatonunua mwengine.
Kwa hiyo magharibi nikisimama mlangoni kumwita
jirani zetu wa Kibuteni hucheka:
"Bi Mize, leo umekoma nini tena?"

Sijakoma. Mguu wake wa mbele, wa kulia,
umevimba baina ya vidole viwili.
Jiwe la maweni lilimkata, matekenya yakapata mlango,
na usiku kucha anaulamba, chap, chap, chap,
kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki kutoka Makunduchi.
Alinyoosha mkono mara moja tu.
Aliondoka na shati lisilo vifungo,
akatuachia chupa ya dawa ya zambarau na neno moja:
"Usianzie penye kidonda."

Basi usiku wa kwanza nilianzia begani.
Mkono begani, kichwa cha changu mdomoni mwake,
mkono nikautoa.
Usiku wa pili nikashuka hadi kwenye kiwiko.
Akanigeuzia jicho, weupe mtupu.
Nikapanda tena begani
kama mtu aliyekosea nyumba.
Usiku wa tatu alinguruma. Na mimi nikanguruma.
Hatukusemeshana mpaka asubuhi.

Kila nikimaliza naenda uani, kwenye ndoo:
mara saba, moja kwa udongo,
mama mkwe akinihesabia dirishani
asije akala wali wenye shaka.
"Hiyo ya tano, Mize. Ya tano! Usinidhulumu."

Na barazani yupo Pandu, mguu chini ya shuka.
Mwezi wa pili huu. Sukari, walisema Mnazi Mmoja,
aje kila wiki aoshwe.
Kaenda mara moja. Daktari kamwambia, "Naomba nione,"
naye kajibu, "Kwani wewe hujapata kuona mguu?"
Nikimsogelea huuvuta ndani,
polepole, ukidhani ni upepo uliocheza na nguo.
Nyumba moja, wagonjwa wawili,
hakuna anayenipa mguu.

Usiku wa sita kiganja chote kilikuwa mkononi mwangu.
Maji ya chumvi tayari, pini imeshapita motoni.
Lakini mikono miwili haitoshi:
mmoja wa kushika, mmoja wa pini,
na wa tatu wa kumdanganya.

Pandu kashuka barazani bila ya kuitwa.
Kakaa sakafuni, miguu kainyoosha,
kamlaza Nimekoma mapajani, kamfunika macho,
akawa anamnong'oneza yale maneno yao ya msituni
ambayo mimi, miaka kumi na tisa, sijapata kuambiwa.

La kwanza likatoka, jeupe, nene kama punje ya mchele.
La pili.
La tatu likapasuka
na meno yakafika kwenye kifundo cha mkono wangu,
yakakaa pale.
Nikayasikia yakifikiri.
Kisha yakaondoka.

Nikamtia dawa, vidole vikawa zambarau
kama vya mtoto aliyeiba zambarau kweli.
Ndipo nilipoona: shuka imebaki barazani.
Kidole gumba cha Pandu, cheusi, kimepasuka ubavuni,
na ile harufu
niliyokuwa nikimsingizia mbwa.

Sikusema kitu. Nilimwaga maji, nikamimina mengine.
Nikaweka mkono begani kwake,
pale pale, bila ya kushuka.
"Leo hapo tu," nikamwambia.
Kanigeuzia jicho.
Mkono hakuutoa.

Dirishani sauti inauliza:
"Mize! Mbona leo sijasikia hata ya kwanza?"