Shahidi wa Tatu

Tuliziweka mbili, kwa sababu moja haitoshi.
Ya kwanza chini ya hospitali ya Punta Arenas,
chumba kisicho na dirisha, jirani na boila;
ya pili ng'ambo ya mlangobahari, Porvenir,
nyuma ya zahanati, ndani ya kabati la chuma
ambalo zamani lilihifadhi mablanketi.
Kazi yao ni kukumbuka damu:
mfuko upi, kundi gani, nani kautoa,
unaisha lini, nani anauhitaji.

Ya kwanza huandika. Ya pili hunakili.
Na kila sekunde hupelekeana neno moja dogo,
nipo,
nipo,
nipo,
nasi tukaliita pigo la moyo
ingawa pale hapana moyo wala mshipa.

Nikaandika kanuni kwa mkono wangu:
mapigo matano yakikosa kufika,
ya pili isimngoje mtu, ijitangaze kuu.
Nikaenda kulala. Nilijiona fundi.

Usiku wa tarehe kumi na tisa Agosti
upepo uliuinamisha mnara wa redio
kama mtu anayetafuta kitu kilichomwanguka.
Mapigo matano hayakufika.
Porvenir ikasema: mwenzangu amekufa, sasa ni mimi.
Punta Arenas haikuwa imekufa. Iliendelea kuandika,
ikasikia kimya, ikasema: msaidizi wangu amekufa.
Fahali wawili, zizi moja,
na katikati ya zizi maji meusi yanayochemka kwa upepo.

Mfuko nambari 4417, O hasi,
ukaahidiwa watu wawili:
mama aliyejifungua orofa ya tatu,
na mtema kuni aliyejikata paja kwa msumeno
akawa anaisubiri ndege ya alfajiri kule ng'ambo.
Hakuna seva iliyosema uongo.
Hilo ndilo lililonitia baridi.

Aliyegundua ni Herminda Vukasović, muuguzi wa zamu,
kwa daftari la mistari na kalamu iliyofungwa uzi.
Mfuko akampa mama. Akainua redio ya wanamaji
akamtafutia mtema kuni damu kambini.
Kisha akaniuliza, wala hakupaza sauti:
"Kijana, nani kakuambia kimya ni kifo?"

Nina ndugu Porvenir, Anselmo.
Tangu mazishi ya baba hatujasemezana.
Kila mmoja ana nakala yake ya siku ile
na zimeachana sana sasa; sijui ni mstari upi
zilipoanzia kutofautiana.

Wiki ya pili nikapanda basi hadi Puerto Natales
na mashine begini, ndogo kuliko mkate.
Haihifadhi damu ya mtu. Haijui majina.
Kazi yake kupiga kura.
Kabla yoyote haijajiita kuu, sharti iulize:
wewe je, unamsikia yule?
Kura mbili kati ya tatu, hiyo ndiyo akidi.
Atakayebaki peke yake, hata kama yu mzima,
hata kama ana haki, afunike kalamu
na ajizime mwenyewe.
Sehemu hiyo ya kujizima ilinichukua siku nne.

Kisha jaribio. Jumanne, saa nne asubuhi,
Herminda kasimama nyuma yangu na chai inayopoa.
Nikang'oa waya.
Sekunde tano. Skrini imeganda.
Kumi na moja. Mtu akakohoa.
Kumi na nane: Natales ikapiga kura.
Ishirini na tatu: Porvenir ikaandika mstari wake wa kwanza,
na huku kwetu ile kuu ilikwisha kujizima,
kama mwenye adabu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Ishirini na tatu," Herminda akasema,
akaiandika kwenye daftari,
tarehe, saa, na jina langu.
Nikamwambia daftari halihitajiki tena.
Akanitazama,
akalifungia drooni,
ufunguo akautia mfukoni.